Roboti yao iliongoza mezani, kombe likaenda kwingine

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa fizikia na mlezi wa klabu ya roboti katika shule ya sekondari ya kata. Mwaka huu tulikuwa timu 18 kwenye mashindano ya kanda. Roboti yetu iliongoza kwa alama za mezani, pale roboti zinapocheza. Tuzo kuu ikachukuliwa na timu iliyoshika nafasi ya tano mezani, ya shule binafsi, waliokuja na bango la kuchapwa na fulana za kufanana. Sisi tulihojiwa na majaji wa chumba namba moja, wao chumba namba tatu. Hatukupewa karatasi yoyote ya maoni. Wanafunzi wangu wanaamini kabisa kwamba majaji walihongwa, na wawili wamesema hawarudi klabuni. Sasa waandaaji wameniomba niingie kwenye kamati ya tuzo ya mwakani. Nikubali? Na nikikubali, nianzie wapi?"

Marahaba, mwalimu, na pole. Swali la kwanza halinipi shida: kubali. Mlezi aliyeumia huona nyufa ambazo waandaaji wameshazizoea. Ila usiingie kwenye kikao cha kwanza na hoja ya hongo. Ukianza nayo, kila mtu atakaa mkao wa kujitetea, na mwakani mtarudi ukumbini na utaratibu uleule.

Kuna swali jingine ambalo hukuliandika lakini nimelisoma: je, watoto wangu waliibiwa? Sikuwepo, siwezi kukuapia. Ninachoweza ni kukuonyesha jinsi timu inavyoweza kukosa haki yake bila mtu yeyote kula rushwa, na jinsi ambavyo pengine haikukosa haki yoyote.

Tuanze na hilo la pili, maana ndilo linalowachanganya wengi. Pale mezani kuna refa. Yeye anahesabu: kitu kimefika kwenye duara au hakijafika, roboti imeguswa au haijaguswa. Chumbani kuna jaji. Yeye anapima yasiyohesabika: watoto waliwazaje, walikosea wapi, waligawanaje kazi. Chukua mfano wa FIRST LEGO League, mashindano ya kimataifa ya roboti kwa watoto, ambao waandaaji wengi huutazama wanapotunga kanuni zao. Roboti hucheza mara tatu, dakika mbili na nusu kila mara, na alama ya juu kuliko zote ndiyo inayochukuliwa. Lakini kwenye tuzo yao kuu, matokeo ya mezani ni robo tu. Robo tatu zilizobaki ni mradi wa ubunifu, usanifu wa roboti, na namna timu inavyoishi na kushirikiana. Sasa fikiria timu iliyo ya 1 mezani, ya 9 kwenye mradi, ya 7 kwenye usanifu na ya 8 kwenye ushirikiano. Ukijumlisha nafasi unapata 25. Timu ya 5 mezani, kisha ya 2, ya 3 na ya 2, inapata 12, na hapo jumla ndogo ndiyo bora. Hakuna aliyeiba chochote. Kwa hiyo kabla ya yote, tafuta kanuni za mashindano yenu uone tuzo kuu ilikuwa ya nini. Kama kanuni hazisemi, au zilitolewa asubuhi ya mashindano, hapo una hoja ya kwanza ya kupeleka kwenye kamati: vigezo na uzito wake vitangazwe walau muhula mmoja kabla.

Sasa hongo. Sisemi haipo, tunaishi hapahapa. Lakini hata pale ambapo hila imebainika, kilichosaidia ni kurekebisha utaratibu. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2002 huko Salt Lake City, jaji wa Ufaransa katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu alisema alishinikizwa kuwapendelea Warusi. Wakanada waliokuwa wa pili wakapewa nao medali ya dhahabu, na jaji akafungiwa. Wangeweza kuishia hapo. Lakini mwaka 2004 wasimamizi wa mchezo huo waliuacha mfumo wao wa zamani wa kutoa alama hadi 6.0, wakaleta mwingine ambao alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa kabla ya kutafuta wastani. Jaji mmoja akiamua kupendelea, mkono wake haufiki mbali. Swali la kuuliza kwenye kamati ni hilohilo: hapa kwetu, jaji mmoja akichoka, akipendelea au akikosea, tunalo la kumzuia?

Nije kwenye maneno yako yaliyonishtua kuliko habari ya bango: sisi chumba namba moja, wao namba tatu.

Timu 18, vyumba vitatu, timu sita kila chumba. Jioni fomu zinakusanywa, mtu anaingiza alama kwenye kompyuta, anapanga kuanzia juu kwenda chini, na aliye juu anapewa kombe. Nimeona hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Tuseme chumba cha kwanza kina mhandisi mkali aliyezoea kukagua madaraja. Ametoa 71, 68, 66, 60, 57 na 55. Chumba cha tatu kina majaji wawili wapole waliofurahi kuona watoto wanaandika programu. Wametoa 92, 90, 88, 85, 85 na 79. Tazama tena: timu ya mwisho ya chumba cha tatu imeizidi timu bora ya chumba cha kwanza kwa alama nane. Wastani wa chumba kimoja ni karibu 63, wa kingine 86.5. Je, timu zote hodari ziliangukia chumba kimoja? Inawezekana kwa bahati, lakini mimi ningeweka dau kwa yule mhandisi. Kombe lilishakwenda chumba cha tatu kabla timu yoyote haijafungua mdomo. Umepima vitambaa viwili, kimoja kwa mita, kingine kwa mkono wa fundi, kisha ukauliza kipi kirefu.

Dawa yake haina gharama. Kwanza, timu zipangwe vyumbani kwa kura, na shule za wilaya moja zisirundikwe pamoja. Pili, alama za chumba zitumike kupanga timu za chumba hicho tu. Kila chumba kitoe mbili bora. Hapo mnabaki na timu sita. Tatu, timu hizo sita zitembelewe kwenye meza zao na majaji waliotoka vyumba vingine, dakika kumi kila moja. Mkiwa na makundi mawili ya majaji, kazi hiyo ni nusu saa, na inaweza kufanyika wakati wengine wanakula. Baada ya hapo majaji wakae pamoja wajadili timu sita ambazo zaidi ya nusu yao wameziona kwa macho, badala ya kubishania majina kwenye orodha.

Mwalimu mwenzako wa hisabati anaweza kukupa njia fupi: toa wastani wa chumba kwenye alama ya kila timu, kisha linganisha tofauti. Kwenye mfano wangu, bora wa chumba cha kwanza anaupita wastani wa chumba chake kwa alama 8.2, na bora wa chumba cha tatu kwa 5.5, kwa hiyo mambo yanageuka kabisa. Njia hii inafaa kukushtua uangalie upya, lakini usiiachie itoe kombe. Inachukulia kwamba vyumba vyote vina timu za uwezo sawa, na timu sita ni chache mno kuamini hivyo. Ziara ya pili inachosha, lakini ni ya haki zaidi.

Jambo jingine ni ile fomu yenye alama hadi 100. Huwa naiogopa. Jaji anayeandika 73 badala ya 74 hawezi kukueleza ile moja imekwenda wapi. Ngazi nne zinatosha: wanaanza, wanaendelea, wamefika, wamepita matarajio, na chini ya kila ngazi sentensi moja inayosema mtu ataona nini. Badala ya kuandika "usanifu mzuri", andika "timu inaonyesha walau toleo moja la zamani na kueleza kwa nini waliliacha". Jaji mkali na jaji mpole wakisoma sentensi hiyo wataitazama meza ileile na kuona kitu kilekile.

Na lazima waisome pamoja. Kama umewahi kuitwa kusahihisha mitihani ya taifa, unajua kazi haianzi dakika mnayofika. Mnakaa na mwongozo wa usahihishaji, mnasahihisha karatasi chache za mfano, mmoja anatoa 6, mwingine 9, mnabishana mpaka mnaelewana, ndipo marundo yanafunguliwa. Majaji wa roboti wengi hupewa fomu wakiwa na kikombe cha chai mkononi, robo saa kabla ya timu ya kwanza kuingia. Omba saa moja. Rekodi kwa simu mahojiano ya timu moja ya klabu yako au ya jirani isiyoshiriki, kwa ridhaa ya wazazi, majaji wote waitazame na kila mmoja ajaze fomu peke yake. Kisha zisomeni kwa sauti. Kicheko kitakachofuata kitakufundisha kuliko maelezo yangu.

Kuna pia suala la nani aliingia lini. Wachumi wawili waliochunguza matokeo ya mashindano ya piano ya Malkia Elisabeth huko Brussels waliona kuwa waliopangiwa kupiga siku za mwisho walielekea kushika nafasi bora kuliko wa siku za mwanzo, ingawa mpangilio ule hufanywa kwa kura. Jaji wa asubuhi anajibania, hajui yajayo. Kwa hiyo timu tatu za kwanza ziandikiwe kwa penseli. Baada ya ya tatu, majaji warudi nyuma, wazitazame upya, ndipo kalamu ya wino itoke. Ubao wa alama za mezani usionekane kutoka kwenye vyumba vya majaji. Jaji akishajua kuwa hawa ndio wanaoongoza, hata kigugumizi chao atakiita unyenyekevu.

Sasa hilo bango. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu na mimi nina dhambi yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa jaji wa usanifu kwenye mashindano fulani yaliyoruhusu vifaa vya mtaani. Timu moja iliingia na bango refu la kuchapwa, kila mtoto na sentensi zake za Kiingereza, zinatiririka. Tukaandika "wamepita matarajio" karibu kila mstari. Iliyofuata ilikuwa ya wasichana watatu wa shule ya serikali. Tuliwauliza kwa Kiingereza. Wakatazamana. Mmoja akajibu maneno sita hivi, akanyamaza, akaanza kukunja upindo wa sketi. Mwenzangu akaandika "wanaanza". Walipokuwa wanafunga vitu vyao, mwingine akamnong'oneza mwenzake kwa Kiswahili, "Ungewaambia habari ya ndala." Nikawazuia mlangoni. Ndala gani? Akafungua mfuko wa rambo akatoa mikono mitatu ya roboti. Ya kwanza ya plastiki tupu, ilikuwa inateleza ikibeba chupa. Ya pili wameifunga mpira wa tyubu ya baiskeli, ikashika vizuri mno mpaka chupa ikagoma kuachia. Ya tatu wamekata soli ya ndala iliyochakaa, ikiwa na mistari bado. Walikuwa wamezijaribu zote, mara ishirini kila moja, na hesabu ipo kwenye daftari la mazoezi: chupa ngapi zilianguka, ngapi ziligoma. Hakuna timu nyingine siku ile iliyokuwa na majaribio ya namna hiyo. Tulibadilisha fomu yao. Fomu za waliotangulia asubuhi, ambao labda nao walikuwa na ndala yao mfukoni, hatukuweza kuzibadilisha.

Watoto wengi wa shule za msingi za serikali hapa Tanzania wamesoma miaka yote kwa Kiswahili, kisha sekondari wanakutana na Kiingereza. Ukimhoji mtoto wa kidato cha pili kwa Kiingereza kuhusu msuguano na mota, unampa mtihani wa lugha na kuuita wa uhandisi. Kanuni iwe hivi, na isemwe na majaji wenyewe mlangoni: timu ichague lugha, na inaruhusiwa kuchanganya. Wapo watakaosema mashindano ya kimataifa ni kwa Kiingereza. Sawa, timu itakayofuzu itafundishwa. Ila kwanza ipatikane iliyo bora. Na swali la kwanza kwa kila timu liwe lilelile: "Tuonyesheni kitu mlichokibadilisha baada ya kushindwa." Bango halijibu swali hilo.

Utaniuliza, na roboti iliyojengwa na mwalimu au fundi wa kukodi je? Usiwashtaki watoto. Wape kazi ndogo. Mwambie yeyote, asiwe nahodha, apunguze mwendo wa mota ya kushoto kisha aeleze roboti itaelekea wapi. World Robot Olympiad, mashindano mengine ya kimataifa ya roboti, wana kanuni ya kushtukiza inayotangazwa siku yenyewe ya mashindano, na waliokariri kazi ya mtu mzima huonekana mara moja. Tahadhari moja tu: mtoto mwenye woga na mtoto asiyejua wanafanana kwa dakika mbili za mwanzo. Ngoja ya tatu.

Habari ya undugu naisema haraka kwa sababu unaijua. Duru yetu ni ndogo, jaji huyu alifundisha klabu ile, yule kampuni yake imetoa vifaa. Kila jaji ajaze karatasi ya uhusiano kabla ya ratiba kupangwa, asiihoji timu inayomhusu, na ikijadiliwa atoke nje, siyo akae kimya pembeni. Akikaa kimya watu wanasoma uso wake. Mfadhili anayetaka tuzo yake apewe, yenye jina lake na majaji wake, mbali na tuzo kuu. Pia jaji asibaki peke yake na mtoto. Muda wote wawe watu wazima wawili, na mlango wazi.

Hata mkifanya yote hayo, wanafunzi wataendelea kusema majaji wamehongwa kama hawapewi karatasi ya maoni. Wanaoijua Kenya Music Festival wanajua majaji wake husimama na kusema mbele ya ukumbi kilichowapendeza na kilichopungua, kabla ya kutangaza nafasi. Waimbaji hununa, lakini wananuna wakijua kwa nini. FIRST LEGO League nao hurudisha fomu za vigezo kwa timu. Kamati yenu iamue: kila timu iondoke na fomu yake yenye jambo moja lililo zuri na moja la kurekebisha, kwa mwandiko unaosomeka. Rufaa iwepo, lakini kwa makosa ya ukweli tu, kama hesabu iliyokosewa, fomu iliyopotea au timu iliyohojiwa dakika kumi badala ya ishirini. Ipokelewe ndani ya nusu saa kabla matokeo hayajatangazwa. Rufaa ya "mradi wetu ulikuwa mzuri zaidi" isipokelewe, la sivyo mtalala ukumbini.

Haya yote hayawezi kuingia mwaka mmoja, na kamati itachoka nawe ukiyamwaga kwa pamoja. Mimi ningepigania matatu: ziara ya pili ya timu sita, uhuru wa lugha, na fomu kurudi kwa timu. Ile saa ya majaji kufanya mazoezi itakuja yenyewe pale watakapojua maandishi yao yatasomwa na walezi.

Yapo yasiyomalizika kwa barua kama hii. Ukipata ushahidi wa fedha au zawadi kutoka mkononi kwenda mkononi, usiubebe kwenye kamati. Nenda na mkuu wa shule ofisi ya wilaya ya TAKUKURU, taasisi inayopambana na rushwa, na usitaje majina ya watu kwenye kundi la WhatsApp la walezi. Kama mwanafunzi yeyote atasimulia kwamba jaji alimtendea au kumsemesha isivyofaa, hilo halisubiri kikao chochote. Muone mwalimu wa unasihi na ofisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, na simu ya msaada kwa watoto ni 116, haina malipo.

Hao wawili wanaotaka kuacha usiwaite ofisini. Waite maabara, uwashe roboti, kisha waulize lile swali la majaji: mlibadilisha nini baada ya kushindwa? Kama wana jibu refu ambalo chumba namba moja hakikulisikia, wameshajua nini cha kuanza nacho mwakani. Kama wanasita, na wewe umejua.

Na wiki hii andika kwa waandaaji uombe fomu zenu za chumba namba moja. Taja namba ya timu, saa mliyoingia, na kwamba unaziomba kwa ajili ya kujifunza. Fanya haraka, kwa sababu karatasi za mashindano huishia kuwashia jiko la chai.